Tanga Mbili: Hotuba juu ya Kubuni Mchezo Mdogo wa Karata wa Watu Wawili

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, wazazi, nanyi vijana mliojaza viti vya nyuma, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumze juu ya ubunifu wa michezo kwa jumla, lakini nimechagua kuzungumzia mchezo mmoja tu, kwa sababu naamini mtu hujifunza zaidi akikifungua kitu kimoja mpaka ndani kuliko akipita mbele ya vitu kumi. Mchezo wenyewe una karata 18 na kizibo kimoja cha soda. Unachezwa na watu wawili waliokaa mkekani wakitazamana, na awamu yake moja huisha kabla kikombe cha chai hakijapoa. Kwa muda wote nilioutengeneza na kuutengeneza upya nimekuwa nikihangaika na swali moja, nalo ndilo nitakalolizungumzia: kila mchezaji ajue kiasi gani cha karata za mwenzake, na kiasi gani kibaki gizani?

Niruhusuni nianzie nyumbani. Sisi watu wa pwani hatukuanza kucheza karata jana. Neno karata lenyewe ni la Kireno, na pamoja nalo tumebaki na kopa, uru, shupaza, pao na turufu. Wareno walifika mwambao huu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Ngome ilibadili wenyewe, lakini karata zilibaki barazani. Mimi nilifundishwa na babu yangu mchezo tuliouita wahedi wa sitini, yaani 61. Tulikuwa tukiondoa nane, tisa na kumi zote, zikabaki karata 40, na kila karata ilikuwa na thamani yake: ree, yaani karata ya moja, alama 11, saba alama 10, mzungu wa nne alama 4, mzungu wa tatu alama 3, mzungu wa pili alama 2, na zilizobaki hazikuwa na kitu. Aina moja inatoa alama 30, aina nne zinatoa 120, na anayefikisha 61 amevuka nusu na ameshinda. Vijana wengi wananiuliza kwa nini mfalme aitwe mzungu wa nne na malkia aitwe mzungu wa pili wakati karata zenyewe hazina namba hizo. Jibu ninaloliamini limo katika hesabu niliyoitaja sasa hivi: katika bisca, mchezo wa karata wa Wareno, mfalme ana alama 4, ghulamu 3 na malkia 2, kwa hiyo jina la karata limebeba thamani yake, na mtoto akilijua jina amekwisha kujua hesabu. Ninalisifu jambo hilo kila ninapolikumbuka, kwa kuwa ni kazi ya mtu aliyefikiri juu ya mchezaji mwenzake.

Katika mchezo ule wawili hushika karata tatu tatu, na kila zinapokutana karata mbili mezani na mmoja akala, kila mtu huokota moja kutoka kwenye rundo. Babu alikuwa na desturi moja. Rundo likiisha, alikuwa akinyamaza, ananitazama usoni, kisha ananitajia karata zangu tatu, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Nilidhani anaona kupitia karatasi. Ukubwani nikaelewa kwamba karata zote 40 zilikuwa zimekwisha kupita mbele ya macho yake isipokuwa zile tatu, na yeye alikuwa amezihesabu tangu mwanzo. Mchezo ule kwa watu wawili humalizikia katika mwanga kamili: mwenye kumbukumbu anajua kila kitu, na asiye nayo amekwisha. Ni mchezo mzuri na sina nia ya kuuvunjia heshima. Lakini nilitaka mchezo mwingine, ambao mzee na mjukuu wa miaka kumi na miwili wanaweza kukaa pamoja, kumbukumbu ikamsaidia mwenye nayo bila kumfungia mlango mwenzake.

Kwa nini watu wawili? Wakiwa watatu au wanne, kasoro nyingi za kanuni hufunikwa na watu wenyewe. Mmoja akitangulia sana, wengine humkalia, na mchezo hujisawazisha. Wawili hawana msaada huo. Ninachopata mimi ndicho unachokosa wewe, hakuna wa tatu wa kumvuta shati anayekimbia, na kama kanuni imempendelea aliyetangulia, basi itampendelea mpaka mwisho. Ndiyo maana mchezo wa watu wawili humwonyesha mbunifu makosa yake mapema na waziwazi.

Na kwa nini karata 18? Hapa sababu ya kwanza ilikuwa ya mkasi na karatasi. Karata ya kawaida ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Panga karata tatu kwa upana na tatu kwa urefu, utapata tisa, na bado pembeni panabaki nafasi ya kukatia. Karatasi mbili zinatosha mchezo mzima, na karatasi mbili ni gharama ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuimudu katika duka la steshenari. Nilikubali mpaka huo kwanza, kisha ndipo nikauliza unaweza kubeba mchezo gani. Niligawa karata 18 katika shehena tatu ambazo majahazi yetu yalizibeba kweli, yaani karafuu, chumvi na boriti, kila shehena ikawa na namba 1 hadi 6.

Toleo la kwanza lilikuwa rahisi mno. Niligawa karata zote, tisa kwa tisa. Mmoja anatupa karata, mwenzake anafuata shehena ileile kama anayo, kubwa inakula ndogo, na asiye na shehena iliyoitwa anatupa yoyote na analiwa. Nilimwita mpwa wangu, tukacheza. Baada ya awamu ya pili akaweka karata zake chini zikiwa wazi na kusema, «Mjomba, za kwangu ninazo, za kwako ni zote zilizobaki. Sasa tunafichana nini?» Alikuwa sahihi kabisa. Mtu akishika karata tisa kati ya 18 na mwenzake akashika tisa, uwezekano wa mkono wa mwenzake, yaani karata alizozishika, ni mmoja tu. Kilichobaki kilikuwa zoezi la kupanga, wala hakikuwa mchezo wa karata.

Basi nikafanya lile ambalo sasa naliona kuwa moyo wa kazi nzima: nikaondoa karata kabla ya kuanza, nikaziweka kifudifudi pembeni, nikaziita karata za ng'ambo. Hakuna anayezijua mpaka awamu iishe. Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Ukigawa nane kwa nane, mbili zinakwenda ng'ambo. Mimi ninaona nane zangu, sizioni kumi, na mikono ambayo mwenzangu anaweza kuwa nayo ni 45. Ukigawa saba kwa saba, nne zinakwenda ng'ambo, sizioni 11, na mikono inayowezekana ni 330. Ukigawa sita kwa sita, inafika 924. Linganisha na mtu anayechukua bunda zima la karata 52 na kugawa saba kwa saba: mikono inayowezekana ni 45,379,620, na mbele ya idadi hiyo hakuna kichwa cha mtu kinachofikiri, mchezaji anaomba bahati tu. Kwa hiyo mbunifu anashika mkononi kitu kama bomba la maji, anaweza kufungua au kufunga, na kazi yake ni kuonja mpaka apate kiasi cha kunyweka.

Nilijaribu nane kwa nane kwanza. Ilikuwa ngumu kwa namna ya kupendeza, lakini jozi nane, yaani karata mbili mbili zinazokutana mezani, zinagawanyika nne kwa nne, na sare ya mara kwa mara inachosha watu. Saba kwa saba haitoi sare. Zaidi ya hapo, tazameni jinsi giza linavyopungua kadiri karata zinavyoanguka: mwanzo mikono inayowezekana ni 330, baada ya jozi ya kwanza 210, kisha 126, kisha 70, 35, 15, na ikibaki karata moja moja mkononi, uwezekano ni tano. Tano, si moja. Yaani hata yule aliyekumbuka kila kilichopita, kama babu yangu, anaitazama karata ya mwisho ya mwenzake ikiwa na majina matano, kwa sababu nne kati ya hizo ziko ng'ambo. Kumbukumbu imemfikisha mlangoni. Kuingia ndani kunahitaji kumsoma mtu aliye mbele yake, alichokitupa mapema, alichokishikilia, na mahali alipositasita. Na palipo na mtu aliyekosa shehena fulani, giza hupungua kwa hatua kubwa zaidi, kwa maana kila anayetupa chumvi juu ya boriti amemwambia mwenzake waziwazi kwamba boriti hana.

Hata hivyo mchezo ulikuwa bado umekufa mahali pengine. Mwenye namba kubwa alikuwa anakula, akila anatupa tena ya kwanza, akitupa anachagua shehena aliyo na nguvu nayo, na anakula tena. Aliyepata mkono mbaya alikaa saba zote akizitoa karata zake kama mtu anayelipa deni. Nikaleta upepo. Kizibo cha soda kikiwa kimelala kifudifudi, unavuma Kaskazi na namba kubwa inakula ndogo. Kikigeuzwa kikaonyesha tumbo lake, unavuma Kusi na namba ndogo inakula kubwa. Kwa njia hiyo hakuna mkono mbaya wa moja kwa moja. Kuna mkono uliokutana na msimu usio wake. Nikampa aliyekula haki ya kugeuza kizibo. Matokeo yalikuwa mabaya zaidi kuliko mwanzo, kwani sasa aliyetangulia alikuwa na usukani, yaani haki ya kutupa karata ya kwanza, na upepo kwa pamoja.

Nilikuwa nikicheza toleo hilo barazani na mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kuwa baharia. Alicheza kimya mpaka mwisho, akashinda, kisha akakisukuma kizibo upande wangu. Akasema, «Mwanangu, aliyefika bandarini haombi upepo ugeuke. Anayeomba ni yule aliyebaki baharini.» Nilimwambia, «Shikamoo, mzee,» ingawa nilikwisha kumwamkia asubuhi ile, maana sikuwa na neno lingine la kumpa. Nikahamisha haki ya kugeuza, nikampa aliyeliwa.

Lakini kanuni hiyo nayo ilihitaji kukatwa. Aliyeliwa akiruhusiwa kugeuza upepo bila gharama, atageuza kila mara, na jambo linalofanywa kila mara bila kufikiriwa si uamuzi tena. Ilinichukua majuma mengi kufika hapa tulipo, na kanuni yenyewe ina maneno machache sana: aliyeliwa anachagua usukani au upepo. Akichagua usukani, yeye ndiye anayetupa karata ya kwanza ya jozi inayofuata, na upepo unabaki ulivyo. Akichagua upepo, anageuza kizibo, lakini usukani unabaki kwa aliyekula. Hawezi kuchukua vyote viwili, na hawezi kukataa vyote viwili.

Niwaonyeshe kwa karata zenyewe. Unavuma Kaskazi. Mwenzangu anatupa karafuu 5. Mimi nimebakiwa na karafuu 6, karafuu 3, boriti 1 na boriti 2. Nikitupa karafuu 6, nakula, na anayechagua ni yeye. Nikitupa karafuu 3, naliwa kwa hiari yangu, lakini uchaguzi unakuwa wangu. Boriti zangu mbili hazina thamani chini ya Kaskazi, na chini ya Kusi ni dhahabu. Je, nigeuze upepo? Nikigeuza, upepo ni wangu lakini usukani ni wake, naye akiona nimeugeuza atajua nina namba ndogo, na huenda akanikwepa kwa kutupa chumvi ambayo sina. Nikichukua usukani badala yake, naweza kutupa karafuu 6 na kula bila shaka yoyote, lakini boriti zitabaki mkononi zikisubiri msimu ambao huenda usije. Zingatieni kwamba hata uchaguzi wangu umekuwa habari. Kila ninapochagua, namwambia mwenzangu kitu juu ya mkono wangu, na ninaweza pia kuchagua kwa makusudi ya kumpotosha. Lile swali langu la kwanza, la nani ajue nini, limerudi kwa mlango wa pili, na safari hii wachezaji wenyewe ndio wanaolijibu.

Jina alilitoa mzee yuleyule. Mimi nilitaka kuuita Kusi na Kaskazi. Akanikumbusha kwamba Kusi haianzi siku Kaskazi inapokoma. Kaskazi huleta vyombo kutoka Uarabuni na Ghuba, Kusi huvirudisha, na kati yake kuna kipindi ambacho upepo haujaamua, chombo kinaweza kwenda huku au kule, na mabaharia walikiita tanga mbili. Mchezo ambao upepo wake unaweza kugeuka kila baada ya jozi moja hauko katika Kaskazi wala katika Kusi. Uko katika tanga mbili.

Sasa niseme kidogo juu ya karata kama kitu cha kushikwa mkononi, kwa sababu nimeona michezo yenye fikra nzuri ikiharibika hapa. Mtu akishika karata saba kwa mkono wa kushoto, kinachoonekana cha kila karata ni ukanda mwembamba wa pembeni, usiozidi upana wa kidole. Matoleo yangu ya mwanzo yalikuwa na namba kubwa katikati, na mpwa wangu alilazimika kuzitandaza karata zake mpaka nikaziona zote. Sasa namba na alama vimo kwenye pembe ya juu kushoto, na vimerudiwa vikiwa vimepinduliwa kwenye pembe ya chini kulia, ili karata isomeke hata ikishikwa kichwa chini. Kwa bahati njema namba zetu zinaishia 6, kwa hiyo hakuna wa kuichanganya 6 na 9. Rangi nazo zilinidanganya: kahawia ya karafuu na kahawia ya boriti zilikuwa kitu kimoja chini ya taa ya sola. Nikaacha kutegemea rangi. Karafuu ina umbo la msumari wenye kichwa, chumvi ni pembetatu kama lundo lililomwagwa, boriti ni mistari miwili minene. Mtoto asiyejua kusoma anazitambua, na mzee aliyeacha miwani ndani anazitambua pia.

Kosa lililoniuma kuliko yote lilikuwa la migongo. Duka moja lilinichapia karatasi ya kwanza siku ya Ijumaa na ya pili siku ya Jumatatu, na wino haukuwa sawa. Karatasi ya pili ilitoka hafifu kidogo, kiasi ambacho mimi sikukiona. Karatasi hiyo ilikuwa na chumvi 4, 5 na 6 pamoja na boriti zote sita. Watoto wawili walicheza awamu tatu, na katika ya nne mmoja akaanza kumwepuka mwenzake kwa usahihi wa kutisha. Nilipomuuliza, akanionyesha migongo kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa anajua ni karata zipi za mwenzake zinazoweza kuwa boriti kabla hazijatupwa. Nilikuwa nimelipima giza kwa hesabu makini, na tofauti ndogo ya wino ililimaliza lote. Tangu siku hiyo nachapa karatasi zote mbili kwa mkupuo mmoja, na kabla ya kukata ninazipanga kifudifudi juani na kuzitazama kwa dakika nzima.

Wazazi kadhaa wameniuliza, na swali lao ni la haki, kama sipeleki watoto kwenye kamari. Najua jinsi karata zinavyotazamwa katika nyumba nyingi za hapa, na bao halipati lawama hiyo. Jibu langu ni kwamba Tanga Mbili haina dau na haina mahali pa kuwekea dau: kila jozi ni alama moja, alama zinaandikwa kwa mstari wa mkaa au kwa mbegu, na anayefikisha 20 kwanza ameshinda. Nilichagua hesabu hiyo ya kulimbikiza badala ya kusema mwenye jozi nne ameshinda awamu, kwa sababu nne zikifika mapema karata zilizobaki zinatupwa bila hamu, nami nataka hata karata ya saba iwe na thamani. Na nimeona jambo moja darasani: wanafunzi waliokuwa wakikariri kanuni ya kuchagua vitu saba kati ya 11 bila kuielewa, waliielewa siku walipotaka kujua mwenzao ameshika nini.

Jambo moja bado halijanitulia, nalo ni la nani aanze. Sasa hivi anayegawa hatupi wa kwanza, na wanabadilishana kugawa kila awamu. Nashuku kuanza ni faida ndogo wakati wa Kaskazi, na nimefikiria kumruhusu aliyegawiwa achague upepo wa mwanzo au usukani wa mwanzo, kwa kanuni ileile ya aliyeliwa. Sijaamua, na nahitaji macho zaidi ya yangu.

Ndiyo maana nimeleta karatasi 40 zilizochapwa, mikasi, na mfuko wa vizibo. Ziko mezani pale mlangoni. Kila wawili wachukue karatasi mbili, wakate, wachange, wagawe saba saba, waweke nne ng'ambo. Kanuni zimeandikwa nyuma ya ratiba mliyopewa. Naomba msiniulize chochote mkiwa mnacheza, hata mkikwama, kwa sababu nitakapokuwa sipo karatasi hiyo ndiyo itakayowajibu, na ninahitaji kujua ni wapi inashindwa. Nitakaa nyuma ya ukumbi na daftari langu, kimya, na mkimaliza mniletee kizibo na mniambie ni jozi ipi iliyowafanya msite.